Kuandaa jumba la kale la mashambani kwa wageni wa vuli: mwongozo wa anayeanza kazi Uingereza

Kila Septemba ikikaribia, wanaoanza kazi kwenye majumba ya kale ya mashambani Uingereza huuliza maswali yale yale. Boila imewaka kutwa, mbona chumba bado baridi? Kuni zinajaza moshi sebuleni, nifanyeje? Maziwa ya chai namimina mimi au mgeni? Saa ya pendulo nairudishaje nyuma? Tumeyajibu hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia siku tatu kabla ya wageni mpaka wanapoondoka.

Tuchukue mfano mmoja: wageni 12, vyumba 6, wanafika Ijumaa alasiri na kuondoka Jumapili mchana, kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Novemba. Ukiwa kwenye hoteli kama Cliveden, au Hartwell House ambako Louis XVIII wa Ufaransa aliishi uhamishoni kuanzia 1809 hadi 1814, utakuwa na wenzako wengi, kila mmoja na idara yake. Ukiwa kwenye jumba la familia linalopokea wageni wachache, haya yote yatakuangukia wewe na mtu mmoja au wawili. Kazi ni ile ile.

Shika neno moja kabla ya mengine. Adui wa vuli ni unyevu, na unyevu haufukuzwi siku ya mwisho. Mgeni aliyelala kwenye shuka lenye unyevu hatakumbuka uzuri wa dari wala picha za ukutani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Cheti cha fundi wa dohani (bomba la moshi) cha mwaka huu, kwa kila meko utakayowasha. Meko isiyo na cheti haiwashwi, hata mwenye nyumba akisema iliwaka vizuri mwaka jana.
- Kuni kavu. Meko ya wazi ya ukubwa wa kawaida hula kilo 3 hadi 4 kwa saa. Kwa meko mbili zinazowaka saa 6 kila jioni, kwa jioni mbili, weka tayari kilo 100.
- Kipima unyevu cha kuni (kile chenye sindano mbili) na kipima unyevu wa hewa kwa kila chumba kikubwa.
- Ndoo ya chuma yenye kifuniko, koleo la chuma, glavu za ngozi, wavu wa kuzuia cheche, na king'ora cha kaboni monoksidi (gesi ya sumu itokanayo na moto) kwenye kila chumba chenye moto.
- Gambuti za saizi mbalimbali, soksi nene za akiba, tochi 12, magazeti ya zamani kwa wingi.
- Chupa za mpira za maji moto zenye vifuko, moja kwa kila mgeni. Tazama tarehe iliyochorwa kwenye mpira: iliyozeeka au yenye nyufa itupwe.
- Orodha ya mzio ya kila mgeni. Sheria ya Uingereza inataja vyakula 14 ambavyo lazima mgeni aelezwe vikiwemo kwenye mlo, miongoni mwao karanga, ufuta, maziwa, mayai, samaki na ngano. Uliza kwa maandishi wiki moja kabla, si mezani.

Siku tatu kabla: Jumanne na Jumatano

1. Anza juu, kwenye paa. Majani ya vuli huziba mifereji, maji yakikosa njia hurudi ndani ya ukuta, na baada ya hapo hakuna moto utakaokausha chumba kilicho chini yake. Kama huna ruhusa ya kupanda, zunguka jumba mvua inaponyesha na utazame wapi maji yanafurika, kisha mpe taarifa anayehusika. Anayepanda asiende peke yake, na asitumie koleo la chuma: mifereji mingi ya majumba haya imefunikwa kwa bati la risasi (metali laini), na ncha ya chuma hulitoboa. Tumia koleo la plastiki.

2. Pandisha joto polepole. Ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita hauwezi kupata joto kwa saa tatu. Washa rejeta (vipasha joto vya ukutani vinavyopitisha maji moto ya boila) Jumanne asubuhi na uongeze nyuzi mbili hivi kila siku, ili Ijumaa mchana vyumba vya kulala viwe kati ya nyuzi 19 na 21. Ukiwasha kwa nguvu zote kwa mkupuo, hewa hukauka ghafla, mbao za samani husinyaa, na vibao vyembamba vilivyobandikwa juu yake hubanduka. Kwenye vyumba vyenye vitu vya kale, tazama kipima unyevu kuliko kipima joto: asilimia 50 hadi 65 ni salama. Ikipita 65, ukungu na wadudu hupata nafasi. Ikishuka chini ya 50, mbao huanza kulia.

3. Fungua mabomba ya vyumba vilivyokaa bila mtu. Maji yaliyolala kwenye bomba huweza kuzaa bakteria wa lejonela, na hao humfikia mtu kwa mvuke anaouvuta bafuni. Maji yote, ya moto na ya baridi, yaachwe yatiririke dakika kadhaa, na zoezi hili lirudiwe kila wiki chumba kikiwa tupu. Kichwa cha bafu kiingize kwenye ndoo ili matone yasiruke usoni. Maji ya moto yanapaswa kufika nyuzi 50 ndani ya dakika moja. Yasipofika, boila au mzunguko wa maji una tatizo.

4. Simamisha magodoro kwa ubavu, madirisha yawe wazi kidogo na rejeta ziwe zinawaka, kwa nusu siku. Wakati yamesimama, kagua nondo wanaokula sufu. Usiwatafute wanaoruka. Watafute watoto wao, kwenye kingo za zulia, chini ya kabati zito na ndani ya mikunjo ya pazia la sufu. Ukiona vipande vilivyonyolewa na chembe kama mchanga, fyonza kwa mashine, toa mfuko wa mashine nje siku hiyo hiyo, na umwambie msimamizi. Usipulizie dawa kwenye kitambaa cha kale.

Moto

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo jumba linapoweza kupotea. Cliveden iliungua mara mbili, 1795 na 1849, kabla ya jumba la sasa kujengwa. Uppark, huko West Sussex, liliungua Agosti 1989 kwa sababu ya mafundi waliokuwa wakichomelea risasi kwenye paa, na Clandon Park likateketea Aprili 2015 kwa hitilafu ya umeme. Si kila janga hutokana na meko, lakini meko ndiyo sehemu iliyo mikononi mwako kila jioni.

5. Pima kuni vizuri. Kuchomeka sindano kwenye gome hakukuambii kitu, kwa sababu nje hukauka kwanza. Pasua gogo, kisha pima uso mpya wa ndani. Unataka asilimia 20 au chini. England, kuni zinazouzwa kwa kiasi kidogo, chini ya mita 2 za ujazo, zinatakiwa kisheria tangu Mei 2021 ziwe na kiwango hicho na alama ya «Ready to Burn» (tayari kuwaka). Kuni zilizokatwa shambani hapo hapo hazina alama, kwa hiyo kipimo ni chako. Mwaloni unahitaji miaka miwili au zaidi chini ya paa lenye upepo. Mti wa ashi hukauka upesi zaidi na huwaka kwa utulivu. Msonobari utumie kwa vijiti vya kuwashia tu: utomvu wake hurusha cheche hadi kwenye zulia.

   Makaa ya mawe ya kawaida yasahau. Kuyauza kwa matumizi ya nyumbani kumepigwa marufuku England tangu Mei 2023.

6. Jaribu dohani. Fungua kifuniko chake cha chuma, washa kiberiti, kizime, na ushike moshi wake mdomoni mwa dohani. Ukipanda, endelea. Ukirudi chumbani, hewa baridi imekaa humo kama kizibo. Sokota gazeti, liwashe, lishike juu kabisa ndani ya koo la dohani kwa dakika moja au mbili mpaka usikie mvumo. Ukijaribu mara mbili na moshi bado unarudi, acha. Huenda kunguru wadogo waitwao jackdaw wamejenga humo; viota vyao ni mizigo ya vijiti inayoziba dohani nzima.

7. Panga moto. Usifagie majivu yote: kuni huwaka vizuri zaidi juu ya tandiko la majivu la sentimita 2 hadi 3. Juu yake weka:
   - karatasi 5 au 6 za gazeti zilizofinyangwa kwa ulegevu (karatasi ya kung'aa haifai);
   - vijiti 10 hadi 12 vya unene wa kidole gumba, vilivyopishana ili hewa ipite;
   - vigogo viwili vyembamba, upande uliopasuliwa ukitazama chini.

   Washa sehemu tatu za chini. Gogo kubwa lisubiri dakika 20, mpaka makaa yapatikane. Mafuta ya taa, petroli au kitu chochote cha majimaji ni mwiko.

8. Washa saa moja na nusu kabla ya wageni kuingia chumbani. Moto wa dakika kumi hutoa moshi na kelele, si joto. Baada ya hapo ongeza gogo moja kila dakika 30 hadi 40, na daima yawepo angalau magogo mawili yanayogusana karibu. Gogo la peke yake hufa.

9. Funga moto usiku. Gogo la mwisho liingie saa moja na nusu kabla ya kulala. Weka wavu wa cheche, sogeza zulia na viti nyuma kwa mita moja, acha kifuniko cha dohani wazi. Ukikifunga makaa yakiwa hai, kaboni monoksidi inarudi ndani, nayo haina harufu. Usimwage maji: jiwe la moto hupasuka na majivu hurukia vitambaa.

10. Majivu yatolewe asubuhi, yakiwa yamepoa, kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko. Ndoo ikae nje juu ya mawe, mbali na ukuta na kibanda cha kuni. Kaa moja lililofunikwa na majivu hubaki hai siku kadhaa, kwa hiyo mfuko wa plastiki na pipa la takataka ni marufuku.

Ijumaa: vyumba na mapokezi

11. Asubuhi fungua dirisha la kila chumba dakika 10, kisha lifunge. Tandika. Mablanketi mawili mepesi juu ya duveti (mfarishi wa kujifunika) yanamfaa mgeni kuliko moja zito, maana atapunguza mwenyewe. Weka karibu na kitanda taa ya kusomea, maji na tochi. Korido za majumba haya zina ngazi za ghafla, na mgeni anayetafuta choo usiku wa manane hajui ziko wapi.

12. Funga mbao za ndani za madirisha na mapazia jua linapozama, hata kama wageni hawajafika. Ukisubiri mpaka chumba kipoe, umechelewa.

13. Hesabu giza. Mwishoni mwa Oktoba, saa zikisharudishwa nyuma, jua kusini mwa Uingereza huzama karibu saa 10:40 jioni, na mwishoni mwa Novemba linazama kabla ya saa 10:00. Wageni wa wiki hizo huenda wakafika gizani. Taa za njia ya kuingilia ziwake saa moja kabla, majani yafagiliwe kwenye ngazi za mawe (jani lililolowa juu ya jiwe huteleza vibaya sana), na awepo mtu mlangoni kabla gari halijasimama.

14. Mpokee kwa utaratibu huu: jina lake, mzigo, koti, kisha moto. Maelezo ya intaneti, funguo na saa za chakula yasubiri akiwa ameketi na kikombe mkononi. Waingereza wengi wakubwa kwa umri watataka uwaite kwa jina la ukoo mpaka watakapokuruhusu vinginevyo, anza hapo. «Shikamoo» hutaisikia, lakini heshima yake ipo kwenye kusimama mkubwa anapoingia na kutomkata kauli.

15. Chai ni saa 10. Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja, tunayoijua kwetu, hapa hailetwi isipokuwa mgeni ameiomba. Pasha buli kwa maji moto, yamwage, tia kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kila kikombe, mimina maji yaliyochemka wakati huo huo, subiri dakika 3 hadi 4. Maziwa baridi yaende kwenye kijagi chake, na mgeni ajimiminie mwenyewe. Weka na buli la pili lenye maji moto matupu la kupunguzia ukali. Sehemu kubwa ya majani yanayonywewa nchi hii hutoka Kenya, nyanda za Kericho na Nandi zikiwemo, basi mgeni akiuliza rangi hii nzuri imetoka wapi, unaweza kumjibu kwa kujiamini.

   Skonzi za Kiingereza, 12 kwa mpigo mmoja: unga wenye beking pauda ndani yake gramu 450, beking pauda vijiko 2 vya chai, siagi baridi gramu 100, sukari gramu 50, chumvi kidogo, maziwa mililita 250 hadi 275. Fikicha siagi kwenye unga, tia sukari, kisha maziwa, na ukande mara chache tu. Sukuma unene wa sentimita 2.5, usipungue. Kata kwa kubonyeza moja kwa moja chini. Ukizungusha kikata, kingo hujifunga na skonzi hupanda upande mmoja. Oveni nyuzi 220, dakika 12 hadi 14. Kwa wageni 12 pika mipigo miwili. Jamu na krimu nzito ziletwe kwenye bakuli zake: watu wa Devon hutanguliza krimu, wa Cornwall jamu, na si kazi yako kuwaamulia.

16. Chakula cha jioni. Msimu wa ndege aitwaye fezanti ni kuanzia Oktoba 1 hadi Februari 1, wa kwale kuanzia Septemba 1 hadi siku hiyo hiyo ya Februari, kwa hiyo jikoni watakuwepo. Fezanti mmoja mchanga hulisha wawili au watatu. Kwa 12 hesabu 5 au 6. Nyama yake haina mafuta, hukauka upesi: funika kifua kwa siagi na karatasi ya kuokea, nyuzi 190, dakika 45 hadi 50, kisha apumzike dakika 15 kabla ya kukatwa. Pitisha vidole kwenye nyama mbichi kutafuta chembe za risasi, na bado uwaonye wageni mezani, maana jino huvunjika. Wajawazito na watoto wadogo waandalie nyama nyingine, kwa sababu ya sumu ya risasi hiyo. Mgeni Mwislamu mweleze wazi kwamba ndege huyu amepigwa bunduki, kabla hajakaa mezani, na mlo wake mwingine uwe umeshapikwa kwa vyombo vyake. Wapo wapishi wanaofunika fezanti kwa vipande vya nguruwe bila kusema. Uliza.

17. Saa 3 usiku, wageni wakiwa mezani, pita vyumbani na chupa za maji moto. Jaza theluthi mbili, maji yasiwe ya kuchemka, kamua hewa, kaza kizibo, igeuze juu ya sinki uone kama inavuja. Iweke katikati ya kitanda, si miguuni. Mgeni ataisogeza mwenyewe.

Jumamosi: nje

18. Matembezi yaondoke saa 4 asubuhi na kurudi kabla ya saa 9 alasiri. Toa gambuti na soksi, ueleze mambo matatu kabla hawajatoka.

   Kwanza, ha-ha: huu ni ukuta uliozamishwa ndani ya handaki ili ng'ombe wasifike bustanini, nao hauonekani kabisa ukitokea upande wa jumba. Mtu anayetembea gizani kwenye nyasi hutumbukia mita moja na nusu au zaidi. Weka taa au kamba mahali njia inapoukaribia.

   Pili, kulungu. Bustani kubwa kama za Petworth na Knole zina makundi yao, na Oktoba madume hugombea majike. Dume wa wakati huo hamwogopi mtu. Umbali usipungue mita 50, mbwa wafungwe kamba, na asiwepo anayejiweka kati ya dume na majike kwa ajili ya picha.

   Tatu, uyoga. Vuli unajaa chini ya mialoni, ukiwemo ule wa kijani hafifu wenye sumu ya kuua ini, ambao kwa macho ya mgeni hautofautiani na wa kuliwa. Uyoga wa kuokota hauingii jikoni kwako.

19. Matufaa. Wageni wengi hupenda kuyachuma, nayo ni kazi nzuri ya saa moja. Tufaa lililoiva hutoka kwa kulinyanyua kwenye kiganja na kulizungusha kidogo; likigoma, liache. Yaliyoanguka yaende jikoni siku hiyo, hayawekwi ghalani. Ya kuweka yawe hayana jeraha, yenye kikonyo, yapangwe safu moja bila kugusana, mahali penye giza na ubaridi wa nyuzi 3 hadi 5, mbali na viazi na vitunguu. Kagua kila wiki na utoe lililoanza kuoza. Bramley, tufaa la kupikia ambalo mti wake wa kwanza ulipandwa kwa mbegu Southwell mnamo 1809, hukaa miezi kadhaa. Ni chachu mno kuliwa bichi, mwambie mgeni kabla hajaling'ata.

   Kwa kitindamlo cha watu 6: Bramley kilo 1 iliyomenywa na kukatwa, sukari gramu 100 juu yake; kisha unga gramu 200, siagi gramu 100 na sukari gramu 100 vilivyofikichwa mpaka viwe chengachenga. Nyunyiza juu, usishindilie. Nyuzi 180, dakika 40.

20. Gambuti na viatu vikirudi, suuza tope nje, jaza magazeti, badilisha magazeti baada ya saa moja. Viatu vya ngozi visikaribie moto wala rejeta: ngozi hukakamaa na kupasuka, na huwezi kumrudishia mgeni kiatu alichokivaa miaka 20.

Siku mbili za kalenda zenye mambo yake

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 8 usiku hurudi kuwa saa 7. Saa ya kale inayogonga kengele haisukumwi mishale kwenda nyuma, utavunja mtambo wake. Simamisha pendulo kwa mkono laini, subiri saa nzima, uiachie tena. Acha karatasi kwenye kila chumba Jumamosi jioni ukiwakumbusha wageni. Na kama jumba lina mtu maalumu wa saa, usiguse.

Novemba 5 ni usiku wa mioto mikubwa, kumbukumbu ya njama ya baruti ya 1605. Lundo la kuni lijengwe siku ile ile, au lihamishwe lote kabla ya kuwashwa, kwa sababu kalunguyeye huingia humo kulala. Mulika chini kwa tochi, sikiliza, kisha washa upande mmoja tu ili aliyebaki apate pa kutokea. Ndoo za maji ziwe karibu, na vijiti vya cheche vya watoto vikiisha vitumbukizwe humo.

Jumapili mchana

21. Mizigo ishushwe na mtu wa kazi, gari lipashwe joto kama kuna barafu kwenye kioo, na kila familia ipewe mfuko wa matufaa. Bahashishi, kama ipo, ni haki ya wafanyakazi: tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri aigawe yote bila kukata kitu isipokuwa kodi.

22. Wakishaondoka, usizime joto ghafla. Lishushe kama ulivyolipandisha, kidogo kidogo, na shuka zitoke kitandani siku hiyo hiyo.

Mambo yakienda mrama

*Moshi unarudi chumbani baada ya moto kushika.* Fungua dirisha la upande upepo unakotokea kwa sentimita mbili. Ukiisha, chumba kilikosa hewa. Usipoisha, kuni zina unyevu au feni ya jikoni inavuta. Zima feni kwanza, ndiyo rahisi kujaribu.

*King'ora cha kaboni monoksidi kimelia.* Toa watu wote nje, fungua madirisha unapopita. Usirudi kuhakikisha. Moto huo hauwashwi tena mpaka fundi aje.

*Mvumo mkubwa ndani ya dohani, cheche juu ya paa.* Masizi yameshika moto. Piga 999 (namba ya dharura), toa watu, usimwage maji.

*Vioo vinatoa jasho asubuhi.* Wageni wawili wamelala chumba kilichofungwa, ni kawaida. Futa, fungua dirisha dakika 10. Jasho likiwa ukutani nyuma ya kabati, sogeza kabati sentimita 5 kutoka ukutani.

*Kipima joto kinaonyesha 20 lakini mgeni anatetemeka.* Tafuta upepo. Pitisha mkono chini ya mlango na kando ya dirisha. Mto mrefu wa mchanga chini ya mlango na pazia zito hufanya kazi kuliko kuongeza nyuzi mbili kwenye boila.

*Nzi wengi wazito kwenye madirisha ya dari.* Huingia vuli kutafuta mahali pa kulala baridi lote. Hawali chakula wala nguo. Wafyonze kwa mashine, jioni wakiwa wamelegea.

*Fyuzi inakatika kila mgeni anapochomeka hita yake.* Nyaya za majumba mengi hazikupangwa kwa mzigo huo. Chukua hita, mpe chupa ya pili ya maji moto na blanketi, umhamishie chumba chenye joto zaidi kama kipo, na usirudishe fyuzi zaidi ya mara moja kabla ya kumwita fundi umeme.